Ukungu Uliotoka Kwenye Pampu ya Castory

Sogea hapa nikutegee kimoja, wala usiharakishe kujibu. Nina mwanangu, hunywa kutwa nzima na hanywi kwa kiu. Hunywa ili kichwa chake kipoe. Siku akipewa kinywaji chepesi, kichwa kinaungua na mwili wote unasimama. Nani huyo?

Umesema radieta. Hapana, radieta haina kichwa. Umesema mlevi. Mlevi akinywa ndipo kichwa kinapowaka. Basi nipe mji. Umenipa Turiani? Haya, nimekwenda Turiani, nimekula wali mpya, nimerudi, nakwambia.

Ni pampu ya dizeli, ya haya malori ya siku hizi. Zamani pampu ilikuwa chuma kitupu, fundi akiifungua anakuta springi na vyuma vingine. Sasa juu yake wameweka kiboksi cha bati jeupe, upana wake kiganja cha mtu mzima, na ndani ya kiboksi mna kompyuta. Hiyo ndiyo inayoiambia pampu ipeleke mafuta kiasi gani na saa ngapi. Mafundi wanaiita kontrol boksi. Inakaa karibu na moto wa injini siku nzima, na kinachoipoza ni dizeli yenyewe inayopita chini yake. Dizeli ikiwa safi, boksi linaishi. Dizeli ikichanganywa na kitu kingine, boksi linakufa, na likifa injini inazima hapo hapo, hata kama uko katikati ya kona.

Pale Kihonda, mjini Morogoro, anayefufua maboksi hayo ni Bi Chausiku. Alijifunza kwa baba yake, aliyekuwa fundi redio, na watu walipoacha kutengeneza redio akahamia kwenye pampu. Karakana yake ni kontena lililokatwa dirisha, limepakana na saluni ya Shadya. Kati ya kontena na saluni kuna ukuta wa mabati wenye tundu la kupitishia waya wa umeme.

Kazi yenyewe ni hivi. Mfuniko wa boksi umebandikwa kwa gundi, kwa hiyo Bi Chausiku huukata pembeni kwa kipande cha msumeno. Chini ya mfuniko mna ute unaoonyesha mpaka chini, mzito kama mlenda uliolala. Huuteka kwa kijiti cha mishikaki, taratibu, kwa sababu humo ndani mna nyaya nyembamba kuliko unywele, na ukivuta mmoja vibaya umeua zote. Kisha huazima draya ya nywele kwa Shadya, hulipasha boksi moto mpaka ugonjwa ujitokeze, maana ugonjwa wa maboksi haya hujificha yakiwa baridi. Akiuona waya ulioachia, anaupa mguu mpya kwa tone la risasi iliyoyeyushwa. Kazi imekwisha.

Ila kabla ya kukata, hugonga mfuniko mara tatu kwa ukucha na kusema, "Hodi." Halafu hungoja. Boksi halijibu kwa maneno. Hutoa joto kidogo kwenye kiganja, na hapo anajua amekaribishwa. Ni utaratibu aliojiwekea tangu boksi la kwanza, kwa sababu boksi likifunguliwa hutoa hewa ya njia lililozoea kupita, na hewa iliyopigiwa hodi hutoka kwa adabu: inazunguka chumba dakika kumi, inatokea dirishani. Boksi la trekta moja la mashamba ya miwa lilitoa masizi ya miwa iliyochomwa, yakatua kwenye taulo za saluni. La basi fulani lilitoa sauti za wapiga debe wa stendi ya Msamvu wakiita abiria wa siti ya dirishani, na mteja mmoja wa Shadya alisimama na rola zake kichwani akachukua pochi.

Kwa hiyo Shadya, kabla hajaanza kumkausha mtu nywele, huuliza kupitia lile tundu.

"Mama, leo unafungua la wapi?"

"La Mikese. Joto tupu."

"Haya, naendelea."

Jumatatu moja, saa tatu asubuhi, Bi Chausiku alikuwa amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, anasafisha kijiti chake kwa kitambaa. Aliingia Hassani. Hassani ana malori mawili yanayoshusha mboga kutoka Mgeta. Mkononi alibeba boksi lililofungwa kwenye gazeti. Nyuma yake alikuja dereva wake, Castory, mwanamume wa miaka thelathini na minne, mwenye bandeji kwenye kiwiko. Castory alisema "Shikamoo mama" kwa sauti ndogo, akakaa mlangoni juu ya tairi bovu.

"Fungua hiki kitu, dada Chausiku," alisema Hassani. "Ukishafungua, sema mbele yake kwamba ni skrepa."

"Nitasema nitakachokiona."

"Utaona skrepa. Boksi la lori langu lilikuwa zuri. Huyu bwana kaliuza, kafunga hili la kuokota. Jumamosi gari limezima mlimani, limerudi kinyumenyume na kabichi zangu zote, limejibamiza ukingoni. Nimeshaandikisha kesi polisi, RB ninayo. Ijumaa jioni boksi langu lisipoonekana, anakwenda kulala ndani."

Castory alitazama kiwiko chake. Alikuwa na watoto watatu, na tangu Jumamosi alikuwa amesema maneno yasiyozidi ishirini. Mke wake alikuwa ameyahesabu, pamoja na yale mawili ya usingizini.

"Fungua bwana," Hassani alisema, "kuna mzigo wangu Msamvu, basi halinisubiri."

Nje gari lake dogo lilikuwa linaunguruma bila mtu ndani. Bi Chausiku akavuta stuli, akabana boksi kwenye jiliwa, akaanza kukata. Msumeno ulipofika kona ya tatu ndipo alipokumbuka kwamba hakupiga hodi. Kosa lilikuwa limeshafanyika, akamalizia na kona ya nne.

Ukungu ulitoka. Ulikuwa wa Mgeta, wa asubuhi, ule unaofanya mtu asikie ng'ombe bila kumwona. Ulikuja na harufu ya udongo uliolowa na majani ya njegere. Ulifunika meza, ukajaza kontena, ukapita kwenye tundu la waya.

"Mama!" Shadya alisikika upande wa pili. "Hukuniambia!"

"Nisamehe mwanangu. Ni Mgeta."

"Nina bibi harusi hapa! Nywele zimeshaanza kurudi kwao!"

Bi Chausiku aliwasha draya akalipuliza boksi. Lilipopata moto, safari ya mwisho ya lori ikaanza kusikika ndani ya ukungu, kutoka mwanzo. Kwanza lilisikika dumu likigonga mdomo wa tangi. Halafu sauti ya Castory: "Bosi, haya mafuta yananuka taa. Injini inazima ikipata moto. Nakwambia mara ya tatu hii." Halafu sauti ya Hassani: "Mimina. Dizeli ni dizeli. Pipa nimelinunua mimi au wewe?"

Hassani alisikiliza mpaka mwisho, mikono mfukoni.

"Hiyo ni sauti yangu," alisema.

"Ni yako," alisema Bi Chausiku.

"Basi boksi ni langu."

"Ni lako. Halijauzwa wala halijabadilishwa. Limeungua kwa sababu umelinywesha dizeli iliyochakachuliwa. Mafuta ya taa ni mepesi, hayapozi kitu."

Hassani alifikiri kidogo. Hakuwa mtu wa kubishana na ukungu. "Sawa," alisema. "Wizi naufuta. Lakini gari limezima mikononi mwa nani? Si mwake? Tengeneza. Ijumaa jioni lisipowaka, RB itabaki pale pale, tutaandika uharibifu wa mali."

Akaondoka kwenda Msamvu, taa za gari akiwa amewasha mpaka alipotoka kwenye ukungu, karibu na duka la mahindi ya kuku.

Draya ilikuwa bado inavuma, na safari ilikuwa inaendelea. Lori lilipanda tupu, likapakia, likaanza kurudi, likafika kwenye kile kimlima kifupi kilicho katikati ya mteremko. Injini ikazima. Breki zikalia. Kabichi zilisikika zikidondoka, moja moja, kisha nyingi kwa pamoja, kisha moja ya mwisho iliyoviringika kwa muda mrefu sana. Chuma kiligonga udongo. Halafu sauti ya mwanamke, ya mtu aliyepanda mbio na mzigo kichwani, ikasema:

"Dereva! U mzima?"

Hakuna aliyejibu. Ikapita nafasi ya kuvuta pumzi mara tano au sita.

"Dereva, u mzima?"

Bi Chausiku alizima draya. Sauti haikuzima. Alimtazama Castory pale mlangoni. Castory alikuwa ameinama, anachokonoa kokoto kwenye mifereji ya tairi.

Dakika kumi zilipita, ukungu haukutoka. Jioni haukutoka. Jumanne asubuhi Bi Chausiku alifungua mlango wa kontena akaukuta umekaa vilevile, na vikombe vyake vimelowa kwa ndani. Mwanamke alikuwa bado anauliza, si kwa hasira, ila kwa namna ya mtu aliyesimama. Majirani walizoea upesi. Mama wa duka la mahindi alileta mtoto wake mwenye vipele vya joto akae humo nusu saa kila mchana. Wanafunzi wawili wa chuo walikuja na masweta yao wakaomba kusomea mlangoni. Kwenye ufa wa meza ya kazi ilichipua njegere moja, na Jumatano ilikuwa imeshatoa ua.

Kazi ndiyo haikwenda. Bi Chausiku aliuona waya ulioachia, ulikuwa pale penye transista kubwa, mguu wake umeungua ukawa mweusi. Aliuwekea mguu mpya mara tatu. Mara tatu tone la risasi liliviringika na kudondoka, kwa sababu risasi haishiki kwenye unyevu. Alijaribu kupiga hodi, ingawa mlango alishauvunja. Ukungu ulisogea kidogo, ukarudi.

Wengine walijaribu kumsaidia yule mwanamke. Shadya aliweka mdomo kwenye tundu akapaza sauti, "Mzima dada, hajambo kabisa, nenda zako!" Sauti ikangoja, ikauliza tena. Mmoja wa wanafunzi alijibu kwa sauti nzito ya kiume. Wapi. Jumatano jioni Hassani mwenyewe alipita kuangalia kazi, akasema kwa ukali, "Mzima, mzima, amepona, anakula vizuri!" na ukungu ukawa mzito kiasi kwamba alitoka kwa kupapasa ukuta.

"Ijumaa," alisema akiwa nje.

Castory alikuwa anakuja kila siku saa mbili asubuhi, anakaa kwenye tairi, anaondoka saa kumi na moja. Hakuna aliyemwambia aje. Bi Chausiku alimpa chai, naye alikunywa. Sauti ilipouliza, alikuwa anafumbua mdomo, anaufunga.

Alhamisi, gari la kwanza kutoka mlimani lilimshusha Mzee Gabrieli, mjomba wake Castory. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na kesi ya mtoto haiendi pasipo mjomba, kwa hiyo alikuja bila kuitwa. Alivaa koti la baridi lililofungwa vifungo vyote. Wengine huteremka Morogoro wakavua makoti. Yeye alipoingia ndani ya kontena alifunga na kifungo cha shingo.

Ukoo wake na ukoo wa Bi Chausiku ni watani.

"Kumbe bado hujafa," alimwambia.

"Nife nani akuzike? Wenzako wote wavivu, watakuacha uani mpaka mvua ikuoshe."

"Nimesikia mmeiba ukungu wetu. Nikasema ni ukoo gani huo wa kuiba hata ukungu? Nikakumbuka, aa, ni wale."

"Ukungu wenyewe umekuja kwa miguu yake. Umekimbia harufu ya koti lako."

"Mpeni mgeni chai basi, maana kuiba mnajua, kukaribisha hamjui."

Shadya aliwasikia kupitia tundu akacheka mpaka akadondosha kitana. "Shikamoo babu!"

"Marahaba mjukuu wangu. Huyu mama anayekulea ana meno yake mwenyewe kweli? Mchunguze."

Alikunywa chai. Sauti ya mwanamke iliuliza mara mbili akiwa anakunywa, na kila mara aliweka kikombe chini, akasikiliza, akakichukua tena. Alipomaliza alisimama, akakunja suruali mpaka magotini, akaingia ndani ya ukungu upande wa ukuta wa nyuma, pale ambapo Bi Chausiku huweka pampu mbovu. Kontena lile lina urefu wa hatua kumi na mbili. Alikwenda robo saa. Aliporudi magoti yalikuwa yamelowa, na mkononi ana njegere za maganda, kama kikombe kimoja.

"Ni Prisca," alisema, akaanza kuzimenya. "Mke wa jirani yetu. Jumamosi alitoka kwenda barabarani kuuza njegere, hajarudi. Kwao hawana wasiwasi kwa sababu sauti yake wanaisikia. Mumewe ndiye anawapikia watoto sasa, na anapika vibaya."

"Kwa nini harudi?" aliuliza Bi Chausiku.

"Atarudije? Amemjulia mtu hali, hajajibiwa. Wewe kwenu bondeni mtu akikuuliza u mzima, ukanyamaza, anageuza mgongo anaondoka? Sisi hatuwezi. Anaona aibu. Amesimama pale na kikapu kichwani, ananiambia, Mzee Gabrieli, nitaondokaje sijui kama yule mtoto wa watu amepona?"

Alimtupia Castory njegere moja. Castory aliidaka.

"Haya, mwanangu. Mimi mjomba wako. Sema."

Castory aliishika ile njegere kwa vidole viwili. Alizungumza akiitazama.

"Nilimsikia, mjomba. Nilitaka kumjibu. Simu ikaita. Alikuwa bosi. Akaniuliza, gari salama? Nikasema salama bosi, ni bampa tu na kabichi. Akaniuliza, kabichi ngapi? Nikashuka nikazihesabu. Zilikuwa nyingi, nyingine zimekwenda mpaka mtoni. Nilipomaliza kuhesabu yule mama bado yuko pale, na mimi sikuwa na kitu cha kumwambia. Nilikuwa na jibu moja tu siku ile, nikampa bosi."

"Na leo?"

"Leo ndiyo sina kabisa. Nikisema mzima nitakuwa namwongopea. Silali. Mikono inatetemeka hata nikishika kijiko. Na kesho naweza kulala ndani. Nikisema si mzima, bosi atasikia, atasema dereva mgonjwa hafai."

Mzee Gabrieli alitafuna njegere tatu.

"Basi usimwongopee," alisema. "Ngoja kwanza uwe mzima."

"Atangoja?"

"Ana ngata nzuri chini ya kikapu. Atangoja."

Kwa hiyo ukungu ulibaki, na lililobaki kufanywa likawa ni kulikausha boksi lenyewe. Aliyepata njia ni Shadya. Bibi harusi wake alikuwa ameshahamia saluni nyingine, na tangu Jumanne hakuna mteja aliyekalia ile draya kubwa yenye kofia, ya wanawake waliofungwa rola.

"Mleteni huku," alisema kupitia tundu. "Mgonjwa wenu namkausha mimi. Ila akae vizuri, asinichafulie kiti."

Boksi likahamishiwa saluni. Shadya aliweka mito miwili kwenye kiti, juu ya mito akaweka boksi, akaishusha kofia mpaka ikalifunika lote, akaweka saa. Ukungu ulizunguka kofia ukatafuta pa kuingilia, haukupata. Walikaa wote wakingoja, Bi Chausiku kwenye benchi na kijichuma chake cha kuyeyushia risasi, Mzee Gabrieli chini ya bango la mitindo ya nywele, Castory mlangoni. Mzee Gabrieli aliuliza kama na yeye anaweza kusukwa. Shadya alimjibu kwamba kwa zile nywele kumi na nne atamfanyia bure.

Saa moja na nusu ikapita. Bi Chausiku alivua miwani ya juu, akaingiza kichwa na mikono ndani ya kofia ya draya, palepale na boksi, kwenye joto lile. Wakaona mgongo wake tu. Mgongo haukutikisika. Ulitoka moshi mwembamba. Akasema kutoka ndani, sauti imezibwa na kofia:

"Limeshika."

Shadya alipiga vigelegele mpaka wanafunzi wakaja kuuliza nani kaolewa.

Ijumaa lori lilivutwa mpaka mbele ya kontena. Lilikuwa na udongo mwekundu wa ukingoni bado umegandia nyuma. Bi Chausiku alimimina ute mpya kwenye boksi, akabandika mfuniko, akalifunga juu ya pampu kwa bolti zake nne. Castory alimwagia pampu dizeli safi ya dumu dogo, aliyoileta Bi Chausiku mwenyewe kwa ajili ya kujaribia, akaitoa hewa kwenye mabomba. Ukungu ulikuwa umetoka mlangoni kiasi cha kufika magurudumu ya mbele. Prisca alikuwa anauliza, kwa vituo vyake vilevile.

Hassani alifika kutoka msikitini, kanzu imepigwa pasi, kofia mkononi. Aliwasalimu wote vizuri. Alimpa Mzee Gabrieli shikamoo.

"Liwashwe," alisema.

Castory alipanda. Alikaa nyuma ya usukani muda mfupi bila kugusa kitu. Halafu akazungusha ufunguo. Injini ilikohoa mara moja ikawaka. Wakaiacha iungurume dakika arobaini mpaka ikapata moto kabisa, na Bi Chausiku akaweka kiganja juu ya boksi, akakiacha, akaitikia kwa kichwa kwamba ni vizuri. Haikuzima.

Hassani alisogea pembeni akapiga simu. Wote walimsikia akisema ile habari ya dereva wake imekwisha, ni mambo ya nyumbani, RB ifungwe, Jumatatu mapema atapita kuweka sahihi. Alikata simu akakunja mikono ya kanzu.

"Castory, kesho unapanda Mgeta. Kuna vitunguu."

"Sawa, bosi."

Akafungua buti ya gari lake dogo, akatoa dumu la lita ishirini, na jingine, na jingine, akaanza kuyamimina kwenye tangi la lori mwenyewe, kwa uangalifu, kanzu isidondokewe. Harufu ikawafikia wote. Shadya, aliyekuwa amesimama kwenye ngazi ya saluni, alifunika pua kwa upande wa khanga.

"Mwanangu Hassani," alisema Mzee Gabrieli. "Hayo ni ya pipa lile lile?"

"Ni yale yale, mzee. Bado nusu pipa."

"Boksi hili halitafika Krismasi," alisema Bi Chausiku.

"Likifa nitakuletea," alisema Hassani. "Si unajua kulitengeneza?" Akafunga mfuniko wa tangi, akapangusa mikono kwa gazeti, akaaga, akaondoka.

Bi Chausiku alirudi ndani akatoka na msumeno, jiliwa na miwani yake ya pili, akaanza kuvifuta unyevu kimoja kimoja. Halafu alimwendea Castory, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba siku akisikia injini inavuta kwa shida asisubiri kimlima, asimame kwenye tambarare, ampigie yeye simu, na kwamba simu yake huwa haizimwi. Castory aliitikia. Alizima injini, akateremka, akafunga mlango wa lori, akauegemea kwa mgongo.

Mabega yake, ambayo wiki nzima yalikuwa yamepanda karibu na masikio, yalishuka. Alivuta pumzi, na ilikwenda mpaka chini. Aliinyoosha mikono yake mbele akaitazama, upande wa juu, upande wa viganja. Ilikuwa imetulia. Aliigusa bandeji kwenye kiwiko, akaibandua, akaikunja, akaitia mfukoni. Mke wake, aliyekuwa amekuja na chakula tangu saa saba kwa ajili ya lolote litakalotokea, alikaa kwenye lile tairi bovu, akafungua hotpoti, akaanza kula yeye kwanza, kwa sababu na yeye alikuwa hajala vizuri tangu Jumamosi.

"Dereva," Prisca aliuliza kutoka kwenye ukungu, "u mzima?"

Castory aligeukia upande wa sauti, akavua kofia.

"Mzima, dada Prisca," alisema. "Nimepona. Nenda nyumbani kwa wanao."